Sinema Haina Ngeli

Kazini walimwita Kifutio, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa mwandishi wa miswada ya filamu, na kabla mswada haujatoka mikononi mwake alikuwa ameufuta na kuuandika upya hadi karatasi ikatoboka. Mtu mwingine angeona haya kuitwa hivyo mbele za watu. Yeye aliitika, tena kwa sauti.

Kwa miaka ishirini aliandika alichoagizwa: tamthilia za runinga zenye wasia wa uongo na mapacha waliopotezana, matangazo ya sabuni, na filamu moja ya jambazi mwenye moyo mzuri ambayo mpaka leo hataki kuizungumzia. Kisha asubuhi moja mtayarishaji wa filamu, mzee mnene wa tabasamu jingi, akamwita ofisini kwake, akamsukumia kitabu chembamba mezani.

"Haki zake ninazo," akasema. "Nataka filamu. Na nataka uandike wewe."

Kifutio hakuwa na haja ya kukifungua. Ilikuwa ile hadithi ya roboti wa nyumbani, ambayo kila aliyepita shule alikuwa ameisoma, na mtunzi wake alikwisha kufa kabla Kifutio hajazaliwa. Iliandikwa zama ambazo roboti walikuwa ndoto tu za watu wenye nafasi ya kuota. Familia fulani ina roboti. Inapika, inafua, inapiga pasi, inalea watoto, kisha inalea watoto wa watoto hao. Siku nyumba inapouzwa, wenyewe wanaketi sebuleni kuandika orodha ya vitu watakavyomwachia mnunuzi: kabati, zulia, saa ya ukutani, roboti. Inasikia orodha ikisomwa. Inaweka sinia chini. Inauendea mlango wa mbele, ambao haijawahi hata siku moja kuupita. Na sentensi ya mwisho inasema: *Yule roboti akafungua mlango, akatoka.*

Yule. Si ile. Kurasa kumi na nne nzima mtunzi alikuwa ameandika "ile roboti", ilipika, ilifua, ilinyamaza, na katika mstari wa mwisho kabisa akabadili ngeli.

Mwalimu wao wa darasa la sita alisema ni kosa la mpiga chapa, akawaamuru wasahihishe kwa penseli. Kifutio, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye soksi zisizolingana, akanyoosha mkono. "Si kosa, mwalimu. Hapo ndipo amekuwa mtu." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamtoa nje, naye Kifutio akasimama kwenye veranda mpaka kengele ikalia, na alirudi ndani na msimamo ule ule aliotoka nao.

Kwa hiyo pale ofisini moyo ulimdunda, ila uso akaukaza.

"Kuna jambo dogo tu," mtayarishaji akaendelea. "Ule mwisho. Watu watoke makwao, waje waone mashine inafungua mlango, basi, taa zinawaka? Hapana. Anafika mlangoni, anageuka. Anamkumbatia mtoto. Muziki unapanda. Ukumbi mzima unapenga makamasi."

"Akigeuka, hadithi imekufa," akasema Kifutio. "Hadithi yote imo katika neno moja la mwisho. Ngeli inabadilika."

Mzee akacheka mpaka kiti kikalia. "Dada yangu, sinema haina ngeli! Utaielekeza kamera wapi? Kwenye herufi?"

Kifutio alichukua kitabu akaondoka. Njia nzima alikuwa akikereka, na kilichomkera zaidi ni kwamba mzee alikuwa amesema kweli.

Alikuwa akiishi na mama yake, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili hawapishani bila mmoja kuvuta tumbo. Mama alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti yaliyokataa ngazi. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi za ndani katika nyumba ya watu. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Kifutio, na Kifutio, shuleni, aliwaambia wenzake kwamba mama yake anafanya kazi ofisini. Mama alijua. Hakuna aliyewahi kulitaja.

Mswada uliandikwa juu ya meza ya jikoni. Wiki ya tano, Kifutio aliporudi kutoka dukani, alimkuta mama amevaa miwani, penseli mkononi, kurasa zimetandazwa kati ya vitunguu.

"Mama! Hizo hazijaisha."

"Nimeziona hazijaisha. Kaa." Mama akarudisha kurasa kadhaa nyuma. "Huyu roboti wako anapiga hodi kabla ya kuingia chumbani. Kwa nini?"

"Heshima."

"Hodi hupiga mgeni. Mtu wa kazi haingii chumbani, mwanangu, anakuwamo tu. Wanavua nguo mbele yako, wanagombana mbele yako, wanataja siri zao kama vile wewe ni pazia. Toa hodi." Akalamba kidole, akafunua. "Hapa analia. Toa machozi. Na hapa mwisho umeniudhi hasa. Ukurasa wa sabini na nane amebandika sufuria ya supu. Ukurasa wa themanini na tatu anafungua mlango anakwenda zake. Jiko kazima nani?"

"Mama, hiyo ni alama tu. Anaondoka. Supu si kitu."

"Supu si kitu kwa asiyeipika."

Kifutio akavuta kiti, akaketi. Mama akavua miwani. Alikaa akiitazama sufuria yake mwenyewe ukutani, kana kwamba anaiomba ruhusa.

"Wewe nilikuambia nini, siku nilipoacha kazi?"

"Kwamba walihama."

"Hawakuhama. Wako pale pale. Ilikuwa siku ya wageni, nimesimama na birika la chai. Mgeni mmoja, mwanamke, akamuuliza mama mwenye nyumba, huyu ulimpata wapi, mbona wangu wananisumbua? Akamjibu, 'Hii haina shida. Ukiiwasha asubuhi, inakwenda mpaka jioni.'" Mama akagonga meza kwa penseli. "Hii. Mimi, na birika mkononi."

Kifutio akasogeza kiti karibu.

"Nikaweka birika. Nikavua aproni. Nikatoka. Nimefika getini nikakumbuka jiko linawaka. Nikarudi. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, akatabasamu, akasema, 'Nilijua tu utarudi.' Nikampita. Nikazima jiko, nikafunika sufuria, nikatundika aproni kwenye msumari wake. Nikampita tena. Hapo sasa tabasamu lilikuwa limekwisha."

"Kwa nini ulirudi, mama? Ungeacha iungue!"

"Ingeungua wangesema mashine imeharibika." Mama akavaa tena miwani. "Nyumba ilikuwa yao. Kazi ilikuwa yangu. Mimi siachi kazi yangu inaungua kwa sababu ya mtu asiye na adabu."

Siku ile Kifutio alilala mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto, akaamka macho yamevimba, akafuta kurasa sita za mwisho, akaziandika upya kwa mkupuo mmoja. Roboti anafika mlangoni. Anageuka. Anarudi.

Mtayarishaji alisoma akiwa ndani ya gari, akapiga simu kabla hajamaliza ukurasa. "Anageuka! Nilikuambia! Wewe dada ni dhahabu!" Baada ya dakika tatu akapiga tena. "Hii nini hii? Anarudi kuzima jiko?"

"Ndiyo."

"Halafu anaondoka tena?"

"Ndiyo."

"Mtoto amenyoosha mikono, yeye anampita?"

"Anampita kwa upole. Nimeandika hapo, kwa upole."

Mkutano ukaitishwa siku iliyofuata. Alikuwepo mwongozaji wa filamu, mtu mpole wa maneno machache ambaye kutwa alitafuna kijiti cha kiberiti. Mtayarishaji alibembeleza, akapaka mafuta, kisha akageuka mbogo. Akasema atamleta mwandishi mwingine. Kifutio akamwambia amlete, ila huyo mwingine aanze kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu yeye Kifutio hatamwachia hata nukta moja ya alichoandika. Mzee akapiga meza. Kifutio naye akapiga meza. Vikombe vikaruka. "Mama yangu alirudi kuzima jiko hivyo hivyo!" akasema Kifutio. Mwongozaji akatoa kijiti mdomoni, akauliza swali moja tu:

"Huyu mama yako, anaweza kuja?"

Mama akaja. Walimpandisha ngazi za studio wakiwa wamembeba na kiti chake, naye akawaelekeza wapi pa kukunja kona. Kazi yake ilikuwa kumfunza mwigizaji wa roboti, msichana aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, ambaye alikuwa amefanya mazoezi ya wiki mbili ya kutembea kwa kukata kata, mikono imekakamaa, shingo ikizunguka peke yake.

Mama alimtazama akikatiza chumba. "Binti yangu, unaumwa?"

"Hapana, mama. Ndivyo roboti wanavyotembea."

"Roboti mbovu. Mashine nzuri haisikiki. Weka kisigino mwisho. Sinia ikae chini ya kifua, isikufiche uso wala isionyeshe uso. Ukipita nyuma ya mtu anayekula, upepo wako usimguse. Haya, tena."

Siku nne walirudia. Siku ya nne Twiga alivaa vazi lote, vipande zaidi ya mia vya bati jembamba vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mwili wake, akapita katikati ya mafundi kumi waliokuwa wakila chakula cha mchana, akaokota vikombe vyote, na hakuna aliyeinua kichwa. Mama akamwita, akamshika mkono wa bati. "Umeona ilivyo?" akamuuliza. Twiga akaitikia kwa kichwa ndani ya kofia ya bati, akaanza kuvirudisha vikombe.

Picha ya mwisho ilipangwa kupigwa katika nyumba ya kukodi, siku ya mwisho ya makubaliano. Wenye nyumba wangerudi saa kumi jioni. Saa nane mtayarishaji akafika na nakala za karatasi aliyoichapa mwenyewe. Akamgawia mwongozaji, akamgawia Twiga, akamruka Kifutio. Roboti anageuka, anapiga magoti, anamkumbatia mtoto, anasema: "Nimerudi nyumbani." Mwisho.

Mtu wa taa akajifanya anafunga waya uliokuwa umefungwa tayari.

Kifutio akaingia jikoni, palipopangwa kupigwa picha, sufuria ikitoa mvuke, akasimama katikati. "Kama hiyo ndiyo inapigwa," akasema, "mtaipiga na mimi nimo. Sitoki hapa."

"Mtoeni," mtayarishaji akasema. Hakuna aliyesogea. Akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake ukumbini. "Mama, tafadhali, zungumza na mwanao. Hapa ni kazi ya watu."

"Na mimi ni nani?" akauliza mama.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akasubiri jibu, na mzee akaitazama saa yake.

Twiga akavua kofia. Jasho lilikuwa linamchuruzika. "Mimi siisemi hii," akasema, akairudisha ile karatasi.

"Basi vua, avae mwingine!"

"Navua. Mtafute msichana mwenye kimo hiki, mabega haya na kiuno hiki, kabla ya saa kumi. Mimi nitakaa pale nimshangilie."

Mafundi wakacheka, kwanza mmoja, halafu wote, na kicheko kile kilimwuma mzee kuliko tusi. Akamgeukia mwongozaji. Wote wakamgeukia. Yule mtu mpole akazungusha kijiti kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, akakitoa, akakitazama, akakitia mfukoni.

"Twiga, vaa kofia," akasema. "Tunapiga ukurasa wa themanini na tatu, wa Kifutio. Tunapiga mara moja, bila kukata, kamera ikae nyuma ya roboti mwanzo hadi mwisho. Dada, ondoka jikoni, utaonekana."

Kifutio akaruka upande, akajibana nyuma ya friji.

"Kamera!"

Roboti akafungua mlango wa mbele. Mwanga wa mchana ukaingia. Akapiga hatua moja nje, akasimama. Akageuka. Kamera ikageuka naye ikiwa mgongoni mwake, na sasa aliyeonekana ni mtoto, msichana wa miaka saba mwenye pengo, mikono ameitanua, uso unang'aa. "Nilijua tu utarudi!" Roboti akaja, akaja, akafika, akamgusa bega kidogo kwa ncha za vidole, akampita. Kamera ikamfuata. Vidole vya bati vikashika kitufe cha jiko. Moto ukazimika. Akafunika sufuria. Akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akaitundika.

"Kata!" akapiga kelele mtayarishaji.

"Kwenye seti yangu neno hilo nalisema mimi," akajibu mwongozaji bila kugeuza kichwa, na sauti zote mbili baadaye zilibidi zifutwe.

Roboti akatoka. Safari hii hakusimama. Mlango ukabaki wazi, na kamera ikabaki kwa mtoto, aliyekuwa bado anautazama. Kutoka chumba cha pili sauti ya mwigizaji aliyecheza mama mwenye nyumba ikauliza, "Imezima jiko?"

Mtoto akafikiri. Kisha akajibu, bila kumtazama mtu yeyote:

"Amezima. Ameondoka."

"Kata," akasema mwongozaji.

Nyuma ya friji Kifutio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa ameyaandika maneno yale kwa hofu, akijua mtoto wa miaka saba anaweza kuyavuruga. Yalitoka kama yalivyo. Mtayarishaji hakuyasikia kabisa. Alikuwa nje tayari, anatafuta mtu wa kumfukuza.

Hakukata tamaa upesi. Kwenye chumba cha uhariri alikaa siku mbili akimlazimisha mhariri atafute mahali pa kukata. Lakini uso wa roboti haukuonekana popote, na wenye nyumba walikuwa wamerudi na kubadilisha kufuli. Ukikata mtoto anapotanua mikono, filamu inaishia kwa mtoto anayekumbatia hewa. Ukikata kwenye jiko, ina mwisho kama tangazo la usalama majumbani. Akaiacha. Ila kwenye mabango aliondoa jina la Kifutio, akaliweka mwishoni kabisa mwa filamu, chini ya mpishi wa mafundi na dereva wa gari la vyombo. Mpishi alimpigia simu kumpongeza kwa ujirani.

Wiki ya kwanza viti vilikuwa vitupu. Mtu mmoja aliandika gazetini kwamba filamu ina kasi ya konokono na roboti asiye na hisia. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, saa nane mchana, Kifutio alimpeleka mama. Walikuta foleni. Ilikuwa ya wanawake, wengi wao wa makamo, wamevaa nguo zao za kutokea, wakicheka na kugongana viganja. Mmoja alikuwa ameiona Jumapili, akawaambia wenzake wa kazi za ndani, nao wakaambizana. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ambayo wengi wao wanapewa mapumziko ya nusu siku.

Walicheka mahali ambapo hakuna mwandishi wa gazeti aliyecheka. Roboti alipopiga pasi shati lile lile mara ya tatu kwa sababu baba mwenye nyumba hajui mkunjo ni upi, ukumbi ulivunjika mbavu. Orodha ya vitu iliposomwa, pakawa kimya, na katika kimya hicho mwanamke mmoja akasema waziwazi, "Washenzi." Mama akampigia makofi. Filamu ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Waliketi na taa zimewaka, wakiongea kutoka safu hii hadi ile, kila mtu akisimulia nyumba yake, mpaka mfagiaji akaingia, akaegemea ufagio, akaanza kusikiliza. Naye akasimulia ya kwake.

Filamu ilikaa kwenye kumbi miezi minne. Mtayarishaji alianza kusema kwenye redio kwamba mwisho ule aliupigania yeye.

Akapiga simu siku moja asubuhi. Sauti ilikuwa asali. "Dada yangu! Nina habari njema. Sehemu ya pili. Miaka mitano imepita, familia ina shida, roboti anasikia huko aliko, anarudi kuwasaidia. Jina lako juu ya bango, herufi kubwa kuliko zangu."

Kifutio alikuwa ameshika kalamu. Mbele yake kulikuwa na ukurasa wa tatu wa mswada mpya, wa kwake mwenyewe, haujaagizwa na mtu, na mama upande wa pili wa meza alikuwa tayari ameukunjia uso.

"Hapana," akasema.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri."

"Utajuta. Hakuna atakayekupa kazi mji huu."

"Basi nitajipa mwenyewe," akasema Kifutio, akakata simu, akaigeuza kifudifudi.

"Alikuwa nani?" akauliza mama.

"Mtu wa filamu. Haya, sema. Ukurasa wa pili una nini?"

"Wa pili hauna neno," mama akasema, akinoa penseli. "Tatizo ni la huyu dereva wako. Dereva gani anasubiri kwa saa tatu nzima ndani ya gari bila kufungua kioo?"